Nunua Shingo Kwanza: Gitaa Kavu la Bei Nafuu na Thamani Yake

Muuzaji akilitoa gitaa ukutani na kukupigia, unachosikia ni vidole vyake. Mpigaji mzoefu hukwepa freti inayokwaruza, hukaza mkono pale nyuzi zilipo juu, na huchagua wimbo usiofika sehemu ya shingo ambako sauti hufifia. Wewe unavutiwa, unalipa, unakwenda nalo nyumbani. Wiki ya pili ncha za vidole zimechubuka na kordi ya F haijalia sawasawa hata mara moja. Wengi hapo hujihukumu kwamba hawana kipaji, na gitaa hupandishwa juu ya kabati.

Kumbe mara nyingi tatizo ni nyuzi zilizokaa milimita moja au mbili juu kuliko inavyostahili, jambo ambalo lingeonekana palepale dukani kama mnunuzi angejua pa kutazama. Ndiyo maana wanaoniomba ushauri huwaambia hivi: kwa gitaa kavu la bei ya chini, fedha yako inanunua shingo. Mbao za tumboni, jina la kichwani na rangi inayong'aa vije baadaye. Magitaa mawili ya plaiwudi ya bei inayokaribiana hayatofautiani sana kwa mlio, lakini shingo ya moja anaweza kuibonyeza mtoto wa darasa la nne, na ya pili ikamshinda baba yake.

Kwa bei za Nairobi, kuna ngazi tatu hivi. Namba zinafuata dola na msimu, na Kariakoo au Kampala utakuta nyingine, lakini uwiano kati ya ngazi haubadiliki sana.

Chini kabisa kuna gitaa la shilingi 6,000 hadi 10,000. Jina lake hulijui, na msimu ujao gitaa lilelile litakuja na jina jingine, kwa sababu viwanda vinavyoyatengeneza humbandikia mwagizaji nembo yoyote anayoitaka. Mwili wote ni plaiwudi. Ubao wa shingo umepakwa rangi nyeusi ili ufanane na mbao za thamani, na weusi huo ukikuachia alama vidoleni siku ya kwanza usishangae. Pamoja nalo hupewa mfuko mwembamba, mkanda, piki mbili tatu na nyuzi za akiba ambazo heri uzigawe.

Ngazi ya pili, kuanzia kama 18,000 mpaka 25,000, ndiyo ya majina yanayojulikana: Yamaha F310 ya nyuzi za chuma, Yamaha C40 ya nyuzi za nailoni, na magitaa ya kuanzia ya Fender, Epiphone na Cort. Nayo ni plaiwudi, watu wasidanganyane. Ubao wa mbele wa F310 ni tabaka za sprusi zilizogandishwa, mgongo na mbavu ni meranti, na hutengenezwa Indonesia.

Ukivuka 30,000 unaanza kukutana na ubao wa mbele wa mti mzima usio na tabaka. Mfano unaotajwa kila mahali ni Yamaha FG800, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo kwa miaka mingi imeuzwa Marekani kwa dola 200 na kitu. Hadi ifike kwetu imeongezewa nauli ya meli, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, na faida ya mikono yote iliyopitia.

Mahali ambapo fedha huleta mabadiliko makubwa zaidi ni kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili. Mbao hazibadiliki sana hapo. Kinachobadilika ni uhakika. F310 moja hufanana na nyenzake, kwa sababu kuna mtu kiwandani aliyekagua freti kabla ya boksi kufungwa. Magitaa ya ngazi ya chini kila moja lina tabia yake, hata yakiwa yametoka katoni moja: hili linapigika vizuri kabisa, la pembeni yake halifai hata kufundishia. Kwa hiyo gitaa la shilingi 8,000 linaweza kuwa ununuzi mzuri sana iwapo umelishika na kulikagua mwenyewe. Kuliagiza mtandaoni kwa picha ni kamari, na picha nzuri haina habari yoyote ya shingo.

Ukaguzi wenyewe

Beba kadi za benki, nne au tano, zile zisizo na namba zilizotuna. Azima za jamaa zako ikibidi. Nitaeleza matumizi yake punde.

Kwanza macho. Lishike gitaa kiunoni, elekeza kichwa chake usoni mwako, fumba jicho moja na utazame kingo za ubao wa shingo kama seremala anavyotazama mbao kabla ya kuilipia. Unatafuta mstari ulionyooka, au wenye bonde dogo sana katikati. Shingo iliyovutwa mbele na nyuzi, au iliyorudi nyuma, inaweza kunyooshwa iwapo ndani yake kuna chuma cha kurekebishia. Tafuta tundu la ufunguo wa pembe sita, ama kichwani chini ya kifuniko kidogo, ama ndani ya tundu la sauti. Baadhi ya magitaa ya bei ya chini yana chuma kisichogeuzwa, na wauzaji wengine hawajui tofauti. Kwenye gitaa la nailoni kukosekana kwa chuma hicho ni kawaida, lisikutie hofu. Lakini shingo iliyojisokota, ukingo mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, haina tiba inayolingana na bei yake. Hiyo usibishane nayo.

Halafu zile kadi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ni kipimo cha kimataifa, kwa hiyo kadi tatu pamoja ni karibu milimita 2.3. Gitaa likiwa limetyuniwa, ziweke juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene kuliko zote. Kadi tatu zikipita kwa kugusagusa, nyuzi ziko mahali pake. Nne zikipita, hiyo ni milimita 3: ziko juu, lakini fundi atazishusha. Tano zikipita bila kukwama umefika karibu milimita 4, na hapo hakikisha kwanza kama dawa ipo kabla hujatoa hata senti.

Dawa hiyo inategemea daraja. Pale nyuzi zinapofungwa tumboni kuna kipande cheupe kinachozibeba, ambacho mafundi hukiita mfupa hata kama siku hizi ni plastiki. Kushusha nyuzi ni kukisugua kipande hicho kwa chini. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, ukitaka ushuke milimita 1 pale, mfupa lazima upungue milimita 2. Basi tazama: mfupa umechomoza kiasi gani juu ya daraja? Ukiwa na milimita 4 au 5, kuna nafasi. Ukiwa tayari umezama karibu na mbao na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo imeharibika, na kuing'oa shingo ili kuipachika upya ni kazi ghali kuliko gitaa lote. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na sijawahi kukutana na muuzaji anayekifanya mbele ya mteja.

Kipande cha pili cheupe kiko juu, shingo inapokutana na kichwa. Viwanda vya bei ya chini huchimba mifereji yake kwa woga, kwa sababu mfereji usiofika chini hautaleta malalamiko ya kukwaruza dukani. Utaleta maumivu nyumbani tu. Piga kordi ya F kwenye freti ya kwanza, kisha sogeza mkono bila kubadili umbo mpaka freti ya 5. Kama kule juu inalia kirahisi na huku chini inakutesa, mifereji iko juu. Fundi mwenye tupa nyembamba anamaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Kama wewe bado huijui kordi ya F, funga kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza uone jinsi nyuzi zinavyokuwa laini ghafla.

Sasa bonyeza kila uzi kwenye kila freti mpaka ya 12, polepole. Ni sauti 72, na muuzaji atakuangalia kwa kuchoka; mwache achoke. Unasikiliza mkwaruzo na sauti zinazokufa mara moja. Freti moja iliyonyanyuka inaweza kugongwa au kupigwa tupa. Zikiwa tano sehemu mbalimbali, kiwanda hakikusawazisha kitu. Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo toka juu hadi chini: ncha za freti zikikukwangua, ama zilikatwa ovyo ama mbao imekauka na kusinyaa ikaziacha nje.

Kipimo cha usahihi wa sauti kinahitaji simu yenye programu ya kutyuni. Gusa uzi bila kuubonyeza, juu kabisa ya freti ya 12, upige na uuachie. Utasikia sauti nyembamba, safi. Kisha ubonyeze hapohapo na kupiga. Sauti hizi mbili zinapaswa kuwa moja. Programu hugawa nusu-toni moja katika senti 100. Tofauti ya senti 3 au 5 isikunyime usingizi, ikizidi 10 utaisikia kila unapopanda shingo. Nyuzi kuukuu hudanganya kipimo hiki, kwa hiyo likiwa gitaa la muda mrefu dukani lenye nyuzi zilizoshika kutu, omba zibadilishwe kwanza hata kama utazilipia wewe. Daraja lililogandishwa mahali pasipo pake halitasaidiwa na nyuzi mpya wala na fundi wa kawaida.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukiingiza nyuma ya daraja, kati yake na ubao wa mbele. Nyuzi za chuma za unene wa kawaida huvuta kwa zaidi ya kilo 70 zikiwa zimetyuniwa, na mzigo huo wote uko kwenye gundi ya pale. Karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia.

Kwenye yote haya sijataja sauti nzuri. Ni makusudi.

Mti mzima au plaiwudi

Hapa ndipo mnunuzi anaposhawishiwa aongeze fedha, na hoja ya muuzaji ina ukweli ndani yake. Ubao wa mbele ndio unaotikisika na kusukuma hewa. Mti mmoja uliopasuliwa hadi unene wa milimita 3 au chini yake hutikisika kwa uhuru kufuata nyuzi zake za asili; plaiwudi, ambayo tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, hujizuia yenyewe. Mti mzima una sauti pana zaidi, hujibu mguso mwepesi, na wapigaji wengi husema unazidi kufunguka kadiri miaka inavyokwenda. Plaiwudi itabaki ilivyo.

Kuutambua mti mzima ni rahisi: tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka kutoka juu na kuendelea kwenye unene wa ubao, ni mti mmoja. Ukiona tabaka, hasa ya kati yenye rangi tofauti, ni plaiwudi. Ukingo ukiwa umepakwa rangi nyeusi nzito, kuna aliyetaka usione. Katika karatasi ya maelezo, gitaa likisifiwa kuwa na sprusi bila kuelezwa kuwa ni kipande kimoja, chukulia ni plaiwudi. Kiwanda kilicholipia mti mzima hakisahau kusema.

Lakini ukweli huo uliandikwa kwa ajili ya watu wenye hali ya hewa nyingine. Watengenezaji hupendekeza gitaa likae kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar huwa juu ya hapo karibu mwaka mzima. Mti mzima hunywa unyevu huo, hutuna nyuma ya daraja, na nyuzi zilizokuwa milimita 2.3 dukani hupanda zenyewe. Mpeleke mwenye gitaa hilo Dodoma wakati wa kiangazi, mbao inakauka, inasinyaa, freti zinachomoza, na siku moja kunasikika mlio mkavu: ubao umepasuka kwa mstari mrefu. Plaiwudi nayo huathirika, ila kidogo, kwa sababu zilezile tabaka zinazoinyima sauti ndizo zinazoifunga isitanuke wala kupasuka.

Na plaiwudi ina heshima yake katika historia. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo lebo yake ya Gallotone ilitoa santuri ya "Masanga" ya mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco iliyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, iliuza pia magitaa ya bei ya chini, na ndiyo hayo yaliyowafanya wanamuziki wa dansi wa Tanzania waliite gitaa kavu lolote galatoni. Gallotone Champion moja iliangukia mikononi mwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon mwaka 1957. Ndani yake ilikuwa na karatasi iliyoahidi kwamba gitaa halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa pauni 155,500, bei ambayo bila shaka haikuwa ya mbao.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea unapoishi na unavyoishi. Aliye Nairobi au Arusha, mwenye chumba cha kudumu na boksi gumu la kulihifadhia gitaa, na ambaye tayari anapiga vya kutosha kusikia tofauti, aende kwenye FG800 au mwenzake wa ngazi hiyo bila wasiwasi. Mwanafunzi wa Tanga anayelibeba gitaa kwenye daladala na kulilaza sakafuni hosteli anapata faida zaidi kwenye plaiwudi nzuri iliyorekebishwa. Anayeanza kabisa popote alipo hatausikia mti mzima kwa mwaka wa kwanza. Atausikia mwalimu wake.

Jambo dogo kuhusu mbao, kwa kuwa wauzaji hulitumia. Utaambiwa gitaa la zamani ni bora kwa sababu ubao wa shingo ni wa mti wa waridi, na mapya wameweka mti mwingine. Ni kweli walibadilisha. Januari 2017 miti yote ya jenasi ya Dalbergia, ukoo wa mpingo wetu wa Lindi na Kilwa, iliingizwa katika masharti ya biashara ya kimataifa ya mkataba wa CITES, na viwanda vikahamia miti kama wolnati ili kukwepa makaratasi. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipewa msamaha, lakini wengi hawakurudi nyuma. Kwa shingo ya gitaa la bei nafuu wolnati inatosha kabisa. Usilipe nyongeza kwa ajili ya hadithi hiyo.

Hesabu ya miaka miwili

Wahenga walisema rahisi ghali. Nimejaribu kuipigia hesabu kauli hiyo kwenye magitaa na haikai vizuri kama nilivyotarajia. Chukua mfano, kwa shilingi za Kenya, ukijua kwamba ni makadirio. Juma ananunua gitaa la 8,000, anamlipa fundi 2,000 kushusha nyuzi na kulainisha ncha za freti, anafunga nyuzi mpya za 1,000. Jumla 11,000. Baada ya miaka miwili akiliuza, atashukuru kupata 3,000, maana jina lake halimwambii mnunuzi kitu. Limemgharimu 8,000. Amina ananunua F310 kwa 20,000, anatoa 1,500 kwa fundi kwa kuwa kazi ni ndogo, na nyuzi 1,000. Jumla 22,500. Akiliuza likiwa limetunzwa, 13,000 si ndoto. Limemgharimu 9,500.

Tofauti ya wawili hawa ni shilingi 1,500 kwa miaka miwili, na Amina hakuhitaji bahati katika kuchagua. Upande wa pili, Amina alihitaji kuwa na 22,500 siku ya kwanza, na hilo ndilo linalowafanya watu wanunue la 8,000, si ujinga. Mwenye 11,000 mfukoni hasaidiwi na mtu anayemwambia asubiri miezi sita akidunduliza; hamu ya kujifunza haisubiri hivyo. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba asizimalize zote kwenye gitaa. Gitaa la 8,000 lililopita mikononi mwa fundi linalishinda la 11,000 ambalo halijapita.

Anayo njia nyingine pia: gitaa la mkono wa pili. Walioanza kwa shauku na kuacha ni wengi, wageni wanaomaliza mikataba na kuondoka wapo, na F310 iliyokaa juu ya kabati huuzwa kwa nusu ya bei hadi theluthi mbili. Hapo ule ukaguzi wa shingo na daraja ufanywe mara mbili, kwa kuwa gitaa lililoachwa miaka limetyuniwa karibu na dirisha la jua limevutwa muda wote huo. Uliza lilikuwa linakaa wapi. Lililosahauliwa kwenye buti la gari juani huenda gundi yake ilishalegea, hata kama rangi inang'aa. Na kama bei ni ya chini mno kwa jina kubwa, tazama karatasi ya ndani na namba iliyogongwa mwilini. Nakala za bandia za majina ya Kimarekani na Kijapani ziko kila soko, nyingine zimekosewa hadi herufi.

Chuma au nailoni

Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya la bei, ila watu hulisahau. Nyuzi za nailoni huvuta karibu kilo 40 tu, ni laini kwa vidole, na zile tatu nyembamba hazijui kutu hata ukikaa Forodhani, Zanzibar. C40 ina shingo pana, milimita 52 pale juu dhidi ya 43 za F310, ambayo humfaa anayejifunza kuchambua nyuzi kwa vidole na kumsumbua mtoto mwenye kiganja kidogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 hivi tafuta la robo tatu, na liwe la nailoni.

Anayetaka kupiga sifa kanisani, zilizopendwa, au mtindo wa vidole wa omutibo uliomtambulisha mpiga gitaa George Mukabi, atachoka na nailoni upesi. Sauti anayoitafuta ni ya chuma. Hapo F310 ina faida ambayo haisemwi sana. Uzi wake una urefu wa milimita 634 badala ya 650 za FG800, na kwa nyuzi zilezile hiyo hupunguza mvuto kwa karibu asilimia 5. Vidole vinaitambua. Ukiongeza seti nyembamba ya nyuzi, inayoanzia 10 badala ya 12, anayeanza hupata gitaa laini kwa gharama ya pakiti moja tu, ingawa sauti itapungua kidogo.

Kosa lisilosameheka ni kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa sababu zilikuwa nafuu au ndizo zilizokuwepo. Gitaa lililojengwa kubeba kilo 40 unalibebesha 70. Litavumilia wiki kadhaa, kisha daraja linang'oka.

Pwani, nyuzi za chuma za kawaida zinaweza kuchakaa ndani ya wiki chache kwa chumvi na jasho. Zile zilizopakwa utando mwembamba, kama Elixir, ni ghali zaidi lakini hudumu muda mrefu zaidi, na kwa anayepiga kila siku hesabu huwa upande wake. Nunua kwa mtu unayemwamini: pakiti za bandia za D'Addario zimeenea kiasi kwamba kampuni yenyewe huweka namba ya siri ndani ya pakiti ya kuthibitishia mtandaoni.

Kuhusu gitaa lenye kuchomekwa kwenye spika nitasema machache. Kwa bei ileile, fedha iliyowekwa kwenye kisanduku cha betri imetolewa mahali pengine, na mbavu imetobolewa ili kisanduku kiingie. Kama unapiga na kwaya kila Jumapili, FX310 ya Yamaha, ambayo ni F310 yenye umeme, ina maana. Kama unajifunza sebuleni, nunua kavu. Siku ya kuhitaji spika utabandika kinasa sauti kidogo kwenye ubao, na siku hiyo haiji haraka kama unavyodhani.

Unapofika kwenye maafikiano ya bei, usigombanie punguzo la 500. Wauzaji wengi wana faida ndogo kwenye gitaa lenye jina na faida kubwa kwenye vikorokoro, kwa hiyo ni rahisi kwao kukupa kapo, mfuko wenye sponji nene, au pakiti ya nyuzi za kweli kuliko kushusha bei. Bora zaidi, kama duka lina fundi, mwambie utalipa bei aliyotaja iwapo nyuzi zitashushwa hadi kadi tatu kabla hujaondoka, na usubiri palepale zikishushwa.